Mafundi wa "zima faiawoli kwanza" mmenichosha! Folda moja tu, wiki mbili haifunguki

Wakuu, nimekuja nimevimba. Anayetaka kuniambia "tumia flashi" naomba apite kimya kimya.

Nina ofisi ya nyumbani. Kompyuta ya mezani ipo chumbani, ndiyo yenye folda ya hesabu za wateja. Mke wangu ana laptopu yake sebuleni, naye anaingiza risiti kwenye hesabu hizohizo. Flashi tumeitumia miaka, mpaka tukajikuta na mafaili manne ya mwezi mmoja: hesabu_mpya, hesabu_mpya_2, hesabu_MWISHO na hesabu_MWISHO_kabisa. Kila moja lina jumla yake, na hakuna kati yetu anayeweza kuapa lipi ndilo. Nikasema yaishe, folda ikae mashine moja, wote tuifungue kwa mtandao. Kompyuta mbili, ruta moja. Kazi ya nusu saa, au siyo?

Laptopu ikagoma. Unaandika mikwaju miwili na jina la mashine, inazunguka weee, kisha inakutemea 0x80070035, yaani njia ya mtandao haikuonekana. Nikaita fundi.

Fundi kafika, kaipingi kompyuta ya mezani kutoka kwenye laptopu, yaani kaitumia ujumbe mdogo kuona kama ipo, haikujibu. Hukumu ikatoka palepale: "Mkuu, waya umekufa." Umekufaje na video inacheza kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa waya huohuo? Nikamwonyesha. Akageuza kibao, sasa mchawi ni faiawoli, yule mlinzi wa kompyuta anayezuia wageni wa mtandao. Akaizima mashine zote mbili. Akawasha SMB1, toleo la kale la lugha ambayo Windows hutumia kushea mafaili, akaondoa sharti la nenosiri, na folda akaipa "kila mtu" ruhusa ya kila kitu. Ikafunguka, kweli. Akapokea chake akaondoka anapiga mluzi.

Siku ya tatu umeme ukakatika. Uliporudi, folda haipo. Nampigia, ananijibu bila hata kuuliza swali moja: "Hiyo ni virusi mkuu, tupige Windows upya."

Virusi! Njia ya mkato aliyoiweka kwenye laptopu ilikuwa imeandikwa 192.168.1.14, namba ambayo ruta iliipa kompyuta ya mezani siku ile. Ruta ilipowaka upya iligawa namba upya, kompyuta ya mezani ikapata 192.168.1.22. Basi. Angetumia jina la mashine, au angeingia kwenye ruta akaifungia mashine ile namba yake, tusingefika huko. Mtu anataka kunifutia diski nzima kwa sababu ya tarakimu mbili za mwisho!

Usiku huo nikaamua kukaa nayo mwenyewe. Nikarudisha kila alichozima, nikaanza upya. Kilichonitoa jasho ni kidogo mno mpaka naona aibu kukisema. Kompyuta ya mezani ilikuwa inauhesabu mtandao wa nyumbani kwangu kuwa ni mtandao wa umma. Yaani inajificha, kama vile imekaa kwenye ukumbi wa kusubiri ndege na watu haiwajui. Ndiyo maana hata pingi haikujibu, wala si waya. Ukienda kwenye mipangilio ya mtandao ukaigeuza kuwa mtandao binafsi, ukawasha ugunduzi wa mtandao na kushea mafaili, faiawoli inafungua yenyewe poti 445, mlango wa kushea mafaili, kwa ajili ya mtandao huo. Huizimi. Imeumbwa kufanya hivyo.

Na hiyo SMB1 aliyoiwasha? Mashine zangu zote mbili ni Windows 10 kwenda juu, zinaongea SMB 3.1.1 zenyewe kwa zenyewe, hiyo ya kwanza hawaihitaji kabisa. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, haiji hata imewekwa, inabidi uitafute kwa makusudi. Na haikuondolewa kwa bahati mbaya: Mei mwaka huohuo WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, ilisambaa dunia nzima kwa kupenya tundu la SMB1, tena wakati kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilikuwa kimeshatoka tangu Machi. Sasa wewe unakuja nyumbani kwa mtu, unalifukua kaburi hilo, unazima na faiawoli juu yake, kisha unaniambia mimi nina virusi?

Haikuishia hapo. Mashine zikaonana, laptopu ikaomba jina na nenosiri. Mke wangu anaweka zile namba nne tunazofungulia kompyuta kila asubuhi. Imekataa. Tena. Imekataa. "Baba, si ndiyo hizi hizi?" Ndiyo hizi hizi, lakini PIN ni ya mashine ile tu, ukiwa umekaa mbele yake. Haisafiri kwenye mtandao. Mtandao unataka nenosiri lenyewe la akaunti, na mimi la kwangu sijaliandika tangu siku ninaweka PIN. Nikatengeneza mtumiaji wa ndani kwenye kompyuta ya mezani, anaitwa ofisi, ana nenosiri lake. Laptopu ikaingia mara moja.

Akafungua faili, akaongeza risiti, akabonyeza kuhifadhi: huna ruhusa. Nilikaribia kurusha kipanya. Kumbe ruhusa zipo tabaka mbili, ya kushea na ya folda yenyewe kwenye diski, na mgeni anayepitia mtandao anabanwa na iliyo kali zaidi. Kwenye diski nilimpa ofisi kuandika, kwenye kushea nikaacha kusoma tu, ndiyo ikambana. Nikaibadili nayo iwe kuandika. Dakika moja, imekwisha.

Naomba mnielewe, sina shida na fundi asiyejua. Hata mimi sikujua. Shida yangu ni huyu anayevunja ukuta kwa sababu funguo zimempotea, halafu anakulipisha kwa kukuingiza ndani. Na humu mmejaa. Mtu anauliza kuhusu 0x80070035, majibu kumi ya kwanza "zima faiawoli", la kumi na moja "njoo PM". Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtandao wake umesomeka wa umma au binafsi.

Leo asubuhi nimepita kwenye orodha ya watumiaji wa kompyuta ya mezani nihakikishe ofisi amekaa sawa. Nimekuta mwingine pale, anaitwa admin2, ana mamlaka yote na nenosiri nisilolijua. Kwangu hajatoka, kwa mke wangu hajatoka. Nimemtumia fundi meseji kumuuliza huyo ni nani. Tiki mbili za bluu, kimya.