Eti mimi sipo! Yule dada wa kibandani leo kanifuta duniani

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Natoka pale sasa hivi, mnapajua, na dada mwenyewe mnamjua, yule anayekuhudumia huku anatafuna karanga.

Simu imeibiwa kwenye daladala, nataka laini yangu irudi. Namba ya kitambulisho nimeitaja kwa kichwa, tarakimu zote 20, kuanzia mwaka niliozaliwa. Akasema weka dole gumba. Nikaweka. Kingine. Nikaweka. Vyote kumi, wakuu, na angetaka vya miguu ningevua viatu. Kimashine kinagoma tu. Mimi fundi ujenzi, miaka 11 nakoroga zege, saruji imelamba vidole vimebaki kama sabuni iliyolowa. Nikamweleza.

Hata usoni hakunitazama. Akapaza sauti foleni nzima isikie: "Huyu hayupo! Anayefuata!"

Hayupo! Nimesimama, jasho linanitiririka, HAYUPO. Mama wa nyuma yangu akanisogeza na kikapu kama anasogeza pazia. Mpaka muda huu sauti iko masikioni: huyu hayupo. Mwenye nyumba akija kudai kodi nimjibu hivyo hivyo?

Mchuzi wa Pweza: Kama haupo, uzi huu kaandika nani?

Shangazi Kaja: Kumbe mizimu nayo ina bando.

Kokoto: Pole fundi mwenzangu. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa nilirudi mara nne, vidole havisomi. Paka mafuta ya nazi usiku, lala na soksi mikononi, na usishike saruji siku mbili tatu.

Mtoa mada: Siku tatu bila saruji watoto wale nini? Halafu mkuu, alisema HAYUPO. Mbele za watu.

Binti Mvumilivu: Afadhali wewe umekataliwa na mashine. Mimi cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, kitambulisho Mwanakhamis. Nimetumwa kwa wakili nikaape kwamba mimi ndiye mimi. Na hela nimelipa!

Shangazi Kaja: Ukaapa kwa jina lipi sasa?

Punje: Kuna ile ya kwenye simu, "thibitisha wewe si roboti", chagua picha zenye bomba la zimamoto. Bomba lenyewe la Marekani, kifupi chekundu kando ya barabara. Mimi wa Nachingwea nilijulie wapi? Nimefeli mara tatu, nimeanza kujishuku.

Mchuzi wa Pweza: Wangeweka picha za mikorosho ungepasua.

Punje: Korosho usinitajie. Gunia nimelipima nyumbani, kufika pale mnapopajua kilo zimeyeyuka. Na karani ananiuliza kama najua kusoma mizani!

Kokoto: Eeh, ile mizani! Baba mkwe wangu alibeba ya kwake wakamfukuza.

Mtoa mada: Wakuu tusitoke kwenye mada, mimi bado sina laini.

Binti Mvumilivu: Kokoto, alibeba ya saa au ya mawe?