Massey 135 ya babu au Ford 5000 ya baba mkubwa: tufufue ipi kwanza?

Mbulumbulu_Juu (Karatu)
Wakuu habari za kazi. Naomba mawazo yenu kabla ukoo haujagombana.

Bandani kwetu kuna trekta mbili zimelala. Moja ni Massey Ferguson 135, nyekundu kwa kuambiwa tu maana rangi ilishaondoka na jua. Babu aliinunua mitumba mwaka 1974. Nyingine ni Ford 5000 ya bluu ya baba mkubwa. Massey ilizimwa 2009, haidroliki iligoma kunyanyua plau. Ford ikafuata 2013, ilikuwa inachemsha hadi kifuniko cha rejeta kinapiga mluzi. Sasa hivi kuku wanatagia kwenye kiti chake.

Hela tuliyochanga inatosha kufufua moja. Sisi wa upande wa baba tunasema Massey, watoto wa baba mkubwa wanasema Ford, na ukizisikiliza hoja za kila upande vizuri unagundua nyingi hazihusu trekta hata kidogo. Shamba ni heka 22, nusu yake mteremko. Mahindi, mbaazi na ngano kidogo. Nataka ya kufanya kazi, siyo ya kupigia picha (picha tutapiga tu, hilo halina mjadala). Karibuni.

Kobe_wa_Bluu
Ford. Uzi ufungwe.

Mbulumbulu_Juu
Mkuu, sababu?

Kobe_wa_Bluu
Sauti.

FundiPlau (Babati)
Huyo muacheni na sauti zake. Tuongee mzigo kwanza. Hiyo 135 ina injini ya Perkins silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Kwa udongo wenu mwekundu itavuta plau la diski mbili. Ford ni silinda 4. Za mwanzo zilikuwa farasi 65, kuanzia 1968 wakazipandisha hadi 75. Hiyo inavuta diski tatu huku dereva anatafuna muwa.

Lakini ovahoo, yaani kuifumua injini na kuifanya upya, ni habari nyingine. Perkins ina slivu, yale mabomba ya ndani ya silinda: unang'oa zilizochoka, unaweka mpya na pistoni zake, basi. Ford 5000 haina slivu, silinda zimechongwa kwenye bloku lenyewe. Zikilika inabidi bloku liende kwa watu wa mashine za kuchonga, na hapo uwe na fundi mwenye mikono mitulivu. Niliwahi kupeleka bloku mahali fulani, sitapataja, likarudi silinda moja ni pana kuliko wenzake. Mteja alikuwa mjomba wangu. Hadi leo salamu zetu ni za mbali.

Spea pia. Massey 240 zinazoundwa Pakistani, ambazo ziko kila kijiji, injini yake ni ya ukoo uleule wa 135. Kwa hiyo gasketi, nozeli na pampu ya maji utazikuta hata duka la njiani. Ya Ford utapata, ila utauliza maduka matatu, na ukisema "ya 6600", ile Ford iliyokuja baadaye, watakuelewa haraka zaidi.

Tinga_la_Kitale
Salamu kutoka Trans Nzoia. Sisi hapa nyumbani tuko na Ferguson ya kijivu, ile TE20, kabla hata hawajaungana na Massey. Zilitengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni. Tinga letu bado linawaka! Na haliwashwi kwa ufunguo kama haya ya juzi: unasukuma gia yenyewe kwenye herufi S. Watoto wa jirani wakija wanadhani ni uchawi.

Nalitaja kwa sababu 135 imerithi akili ya mzee Harry Ferguson. Plau halikokotwi kama tela. Limeshikwa na mikono mitatu, na likikutana na ardhi ngumu linasukuma ule mkono wa juu, haidroliki inasikia, inalinyanyua kidogo tu, na uzito unaangukia magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana tinga la tani moja na nusu linalima pale ambapo zito linateleza. Kwa mteremko, ndugu yangu, mimi ningeenda na nyekundu.

FundiPlau (Babati)
Kweli, ila mteremko una jambo la kuangalia. Mbulumbulu_Juu, kwenye dashibodi ya hiyo Massey kuna swichi ya Multi-Power, ile ya kubadili mwendo bila kukanyaga klachi? Kama ipo, kabla ya kuteremka na tela la magunia hakikisha iko kwenye mwendo wa juu (High). Ikiwa kwenye Low, tela linakusukuma na injini haishiki chochote, trekta inakimbia kama baiskeli iliyokatika mnyororo. Madereva wa zamani walilijua hilo kwa kuogopa.

Na kwenye Ford, angalia jirani na stata, kuna namba zimegongwa kwenye chuma. Futa grisi. Utaona kama 8C17B: tarakimu ya kwanza ni mwaka, herufi ni mwezi, inayofuata ni siku. Hiyo ya mfano ingekuwa tarehe 17 Machi 1968.

Mjukuu_wa_Kongwa
Mkisema trekta za zamani naona mnacheza. Babu yangu alijifunzia udereva Kongwa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947 uliokufa 1951. Wale walikuwa na Shervick, yaani kifaru cha vita cha Sherman kimegeuzwa trekta. Alituambia mibuyu ilikuwa inazishinda. Haya, endeleeni na hizo zenu.

Mbulumbulu_Juu
Nimerudi, mikono yote grisi. Swichi ya Multi-Power haipo, hiyo imepita.

Ford sasa. Namba inaanza na 7D. Yaani Aprili 1967! Wakuu, miaka yote baba mkubwa alikuwa anatutambia farasi 75, kila sikukuu. Ni 65. Nilipiga picha nikaitupa kwenye kundi la ukoo, na watoto wake wameisoma wote, hakuna aliyejibu. Mama kaniambia nimekosa adabu.

MamaNgano (Njoro)
Mwanangu, mama yako yuko sawa. Halafu usiizike Ford bado. Kuchemsha si lazima injini imekufa. Sisi tulikuwa tukijaza maji ya kisima miaka na miaka, rejeta likaziba kwa chumvi kama birika la chai. Jaza maji, acha kifuniko wazi, washa ingali baridi, angalia mdomoni. Ukiona mapovu yanakuja bila kukoma, hiyo ni gasketi ya kichwa au zaidi. Usipoyaona, safisha rejeta, kaza mkanda wa feni, na uombe Mungu. Mimi nimeendesha 5000 nikiwa msichana, msimu baba alipovunjika mguu. Klachi yake ilinipa paja kubwa upande mmoja.

Kobe_wa_Bluu
Mama kaongea. Na sauti?

MamaNgano (Njoro)
Sauti ni tamu, mwanangu, sikukatalii.

FundiPlau (Babati)
Nina swali moja kuhusu Massey, nilipaswa kuanza nalo. Ilipogoma kunyanyua, nani alikuwa anaendesha? Kwenye 135 pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma kuzungusha mashine. Ile rungu ya PTO, chini kushoto kwa dereva, isipoingizwa, hata uvute kishikio cha haidroliki hadi jioni plau halipandi. Nimewahi kuitwa kilomita 40 kwa ajili ya rungu hiyo.

Mbulumbulu_Juu
Dah.

Babu alifariki 2008. Alipokuwa hai hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukaa kwenye kile kiti, hata baba. Msimu uliofuata tulimchukua kijana mmoja aliyezoea trekta za kisasa, akalima nusu siku, akaegesha kutengeneza pancha, akirudi ikagoma. Alisema pampu imekufa, tukamwamini.

Nimetoka bandani sasa hivi na tochi ya simu. Rungu iko katikati. Haijaingia popote. Sisemi ndiyo sababu, maana miaka yote hii watoto wameichezea hiyo trekta watakavyo, na oili ya nyuma sijui ina hali gani. Lakini nilipomuuliza mama kama babu alikuwa anafanya kitu chochote kabla ya kunyanyua plau, hakufikiri hata kidogo. Aliinama kwenye kigoda, akashusha mkono wa kushoto pembeni ya goti, akausukuma.

Betri ya kuazima inakuja Jumamosi. Binamu wa upande wa Ford ndiye anayeileta.