Gakjadosaeng: ni "kujitegemea" au ni kitu kingine?

Binti_Makorora:
Wadau, hamjambo. Nasoma Ansan, Korea Kusini, mwaka wa tatu sasa, na jioni naosha vyombo kwenye duka la kimbap, ule wali unaoviringishwa kwa mwani. Mama mwenye duka, taarifa ya habari ikigusa bei za nyumba au ajira za vijana, hushusha pumzi na kusema "gakjadosaeng". Rafiki yangu Mkorea anajifunza Kiswahili, anataka kulitumia kwenye insha. Programu ya simu imempa "kujitegemea". Moyo wangu unakataa. Kujitegemea kwetu ni neno la Azimio la Arusha, 1967. Marehemu babu alilitamka kifua mbele. Mama huyu analitamka kama mtu aliyefiwa. Nimpe neno gani?

Mzee_wa_Kamusi:
Mwanangu, moyo wako uko sawa. Neno hilo limeundwa kwa herufi nne za Kichina. Gakja ni kila mmoja peke yake, do ni kutafuta njia, saeng ni kuishi. Limetumika tangu enzi za ufalme wa Joseon, vita au njaa inapotawanya watu, kila mmoja akaangalia pa kuponea. Kujitegemea kuna neno lake, jaryeokgaengsaeng: kuinuka kwa nguvu zako. Hilo linaendana na Saemaul, kampeni ya vijiji iliyoanza 1970. Serikali iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, wanakijiji wakakaa pamoja wakaamua wajenge nini. Palikuwa na saruji na palikuwa na jirani. Kwenye gakjadosaeng hakuna kimojawapo.

Dogo_Mbagala:
Dada, mpe "pambana na hali yako". Mtaani kila mtu ataelewa.

Binti_Makorora:
Nimelifikiria hilo, kaka. Lakini "pambana na hali yako" anaambiwa mtu, na anayesema amekwisha kujitoa. Mama anajihesabu humo humo.

Nyasa_Mvuvi:
Sisi watu wa majini tunasema "kila mtu aponye roho yake". Hilo halisemwi chombo kikiwa salama. Husemwa nahodha akishashindwa.

Binti_Makorora:
Shikamoo, Nyasa_Mvuvi. Umegusa palepale bila kujua.

Ansan ndio mji wa shule ya Danwon. Tarehe 16 Aprili 2014 kivuko cha Sewol kilizama kikitoka Incheon kwenda Jeju. Walikufa watu 304, na 250 kati yao ni wanafunzi wa shule hiyo waliokuwa safarini. Kipaza sauti kiliwaambia wabaki walipo. Wakabaki. Nahodha akatoka. Mama anasema baadhi ya watoto hao walikuwa wakipita dukani kununua kimbap baada ya masomo, na kwamba tangu mwaka ule neno hili limekuwa mdomoni mwa kila mtu.

Jana nilimuuliza kama zamani pia alikuwa akilisema. Akanyamaza kidogo, akanionyesha kidole kitupu. Mwaka 1998, nchi ilipoelemewa na madeni na kukopa IMF, watu walipanga foleni kutoa dhahabu zao ziuzwe nje. Zilikusanywa zaidi ya tani 200. Yeye alitoa pete yake ya ndoa na ile ndogo aliyotunzwa mwanawe alipotimiza mwaka mmoja. Hakujutia, anasema, siku ile aliona nchi nzima ni nyumba moja. Sasa mwanawe huyo anaishi Seoul, peke yake, kwenye chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili.

Basi nimechukua la Nyasa_Mvuvi. Nimemwandikia rafiki yangu "kila mtu aponye roho yake", na chini yake nikaeleza habari za kivuko na za pete, maana bila hizo atalisoma kama amri. Mzee_wa_Kamusi, nikikwama kwenye upatanisho wa ngeli za insha yake nitarudi kwako.

Mzee_wa_Kamusi:
Njoo tu, mwanangu. Na huyo mama, msalimie sana.