Viwanja vya kiangazi Bagamoyo: jirani kapandisha kiwanja, maji yote yamehamia kwangu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Usiku wa Jumapili iliyopita ukuta wa jirani umelala juu ya jiko langu. Mita kumi na mbili, kuanzia nguzo ya kona mpaka usawa wa mwembe, umekwenda wote kwa mpigo mmoja. Jiko lenyewe ni la nje, mabanzi na bati. Dakika kumi kabla mke wangu alikuwa humo anapakua wali. Nilisikia kishindo, nikadhani radi, nikatoka na tochi. Nilichokiona ni tope jekundu linashuka kutoka kwa jirani kama uji uliofurika sufuriani, sufuria zetu zinaelea juu yake, linaelekea mlango wa nyuma.

Asubuhi niliokota kipande cha tofali nikakibana kwa vidole viwili. Kikamomonyoka kama kashata iliyokaa juani. Ndani yake unaona vigamba vidogo vya chaza, maana mchanga ule ni wa pwani, haukuoshwa wala haukuchekechwa. Nguzo ya kona ilikuwa na nondo mbili za milimita 8, zimechomekwa kwenye zege bila ringi hata moja ya kuzifunga pamoja.

Hapa nikiri jambo. Mimi nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, na saruji ya ukuta ule nilimuuzia mimi. Uzio wote umekula tofali kama 2,000. Mifuko ya kufyatulia aliyonunua kwangu ni 32, na najua hakununua kwingine kwa sababu kijana wake alikuwa anakuja kwa mkopo. Gawanya mwenyewe: tofali 62 kwa mfuko. Tofali la inchi 6 la kueleweka, mfuko wa kilo 50 utoe 25 mpaka 30, tena yamwagiliwe maji wiki nzima kabla ya kujengea. Yale yalifyatuliwa Jumatatu, Alhamisi yako ukutani. Nilipokea hela nikanyamaza, kwa hiyo fungu langu la lawama nimelibeba.

Lakini tofali sio kiini cha uzi huu. Kiini ni kifusi.

Nilinunua kiwanja hiki Septemba 2018. Mnajua Septemba ya huku ilivyo: ardhi kavu, upepo mzuri, unaona kama umepewa bure. Udongo ni mfinyanzi mweusi, ulikuwa umepasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Dalali akaniambia, "Kaka, hapa pametandazwa na Mungu, hela ya kusawazisha huitoi." Vigingi vipo, namba ipo, ramani ya upimaji ipo. Wakati tunazunguka akapita bibi mmoja na kuni kichwani, akasimama, akauliza, "Mnataka kujenga bwawani?" Dalali akacheka, na mimi nikacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko changu najisikia vibaya.

Tulipochimba shimo la choo, futi ya nne tukakuta makombe ya konokono wa majini. Futi ya sita maji, na ilikuwa kiangazi. Bibi akaja tena, nikamwamkia, safari hii akakaa. "Hapa mimi nilikuwa naamia ndege, mwanangu. Mpunga wetu ulikuwa unaanzia pale kwenye mkwaju. Masika maji yalikuwa yananifika hapa," akagusa goti. Sasa wakuu, huyu bibi ni mtaalamu kuliko kila mtu niliyemlipa, na hakuna fomu hata moja iliyo na nafasi ya kuandika alichosema.

Nikafuata taratibu. Ramani nikachoresha, kibali cha ujenzi nikalipia, nikakipata. Kibali kinasema jengo likae mbali kiasi gani na mpaka. Kinasema vyumba vingapi, choo kikae upande gani. Hakuna mahali, hata mstari mmoja, panaposema sakafu ya nyumba iwe juu kiasi gani kutoka ardhini. Hilo niliamua mwenyewe kwa goti la bibi: nikapandisha kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, juu ya ardhi ndipo nikamwaga jamvi, lile zege la sakafu, sentimita kama 70. Fundi alininunia, akasema nazika hela ardhini.

Ikaja masika ya 2024. Ile mvua ya El Niño hamjaisahau. Mpaka tarehe 25 Aprili, siku Waziri Mkuu Majaliwa alipotoa taarifa bungeni, watu 155 walikuwa wameshakufa nchi nzima, na wiki iliyofuata kikaja kimbunga Hidaya. Huku kwetu maji yalitanda mtaa mzima, kambale wanaonekana barabarani, vijana wanawafukuza kwa vyandarua. Kwangu yalikuja yakasimama vidole viwili chini ya kizingiti. Yakakaa siku mbili, yakaondoka. Ndani hata zulia halikulowa. Nilimpelekea bibi kilo tano za sukari.

Yaani mfumo ulifanya kazi. Maji yalikuwa na nafasi ya kukaa, yakatandaa viwanja vyote, na sakafu ilikuwa juu yake.

Mwaka jana akaja jirani. Mtu ana uwezo, simwonei wivu. Kazi ya kwanza: tipa za kifusi. Nilihesabu mpaka 64 nikaacha. Akashindilia kwa kupitisha tipa zenyewe juu yake, basi. Akazungusha uzio pande zote nne, tofali juu ya tofali, bila tundu hata moja la kupitisha maji. Alipomaliza nilichukua mpira wa levo, ule mpira mweupe wa fundi unaotia maji ndani kulinganisha kimo cha sehemu mbili, nikamshikisha mwanangu upande mmoja. Ua wake, sio nyumba, ua wa kuanikia nguo, uko sentimita 70 juu ya jamvi langu. Ukihesabu kutoka ardhini kwangu, kifusi chake kina mita 1.4. Na mita hizo 1.4 zimeegemezwa kwenye ukuta wa uzio wa tofali za 62 kwa mfuko.

Kwa wasiojua nguvu ya maji: maji ya kimo cha mita 1 yakisimama upande mmoja wa ukuta yanausukuma kwa uzito wa kama kilo 500 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Yakipanda hadi mita 1.4, nguvu haiongezeki kidogo, inakaribia mara mbili. Hiyo ni karibu tani 1 kwa kila mita. Mita kumi na mbili ni karibu tani 12 usiku ule, na hapo nimehesabu maji matupu, sijaweka uzito wa kifusi chenyewe kilicholowa. Ukuta wa uzio unajengwa kuzuia mbuzi na macho ya watu. Ukitaka ubebe udongo, huo ni ukuta mwingine kabisa: una msingi mpana, una nondo za kutosha, na una matundu chini ili maji yatoke, yasijikusanye nyuma yake.

Nilimfuata kabla hata mvua hazijaanza. Nikamwambia kwa adabu, "Bosi, maji ya kwako yatashukia kwangu, na yale yaliyokuwa yanakaa kwako pia yatakuja kwangu." Alinisikiliza, hakunitukana, nisiseme uongo. Akasema, "Kaka, na wewe si upandishe? Kila mtu apandishe kwake."

Kila mtu apandishe kwake. Nyumba imeshasimama, niipandishe vipi, niinyanyue kwa jeki? Na tuseme nimepata hela nikabomoa, nikaenda mita 1.6. Yule wa nyuma yangu, mjane anayekaanga mihogo, yeye apandishe kwa nini? Wa kwanza akipandisha, maji yanahamia kwa wa pili. Mwisho maskini mmoja wa mtaa ndiye anakuwa bwawa la wote, na barabara ndiyo mto. Maji hayajapungua hata ndoo moja.

Nilikwenda kwenye ofisi inayohusika, siitaji. Nikaambiwa kibali cha jirani kiko sawa, ramani yake iko sawa, na levo ya kiwanja "haimo kwenye ramani". Nikauliza, mbona nilipokuwa nachimba msingi wangu niliita mkaguzi mara tatu na hakuja? Nikaambiwa usafiri ulikuwa shida. Nikauliza nani basi anaangalia kifusi. Kimya. Karani mmoja, kijana mzuri tu, akaninong'oneza kwenye korido: "Mzee, malizaneni na mwenyekiti wa mtaa."

Kuna watakaokuja na sheria ya mita 60. Naijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe. Sasa chukua futi, njoo upime. Kutoka kwangu mpaka mkondo wowote wa maji ni mbali sana kuliko mita 60. Kisheria mimi niko nchi kavu! Maji ya bonde hayasomi vifungu, yanajaa pale ambapo ardhi ni ya chini, hata kama mto uko kilomita mbili. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo kuwa ardhi hatarishi. Sawa, lakini hapa hapajatangazwa. Hapa pamepimwa, pamekatwa viwanja, pameuzwa.

Na msiniambie huu ni uzembe wa Waswahili usiotibika. Marekani wana mafuriko makubwa kuliko yetu, na nyumba zao nyingi ni za mbao. Kwenye maeneo yaliyochorwa ramani ya mafuriko, nyumba mpya ya kuishi sakafu yake ya chini lazima ifike, au ipite, levo ya mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Namba hiyo ipo kwenye ramani, hauiotei kwa goti la bibi. Chumba kilichozungushwa ukuta chini ya levo hiyo kinawekwa matundu yasiyopungua mawili, inchi 1 ya mraba ya tundu kwa kila futi 1 ya mraba ya eneo, yote karibu na ardhi, ili maji yaingie na kutoka yasisukume ukuta. Na kwenye njia kuu ya maji yenyewe hauruhusiwi kumwaga kifusi mpaka uthibitishe kwa hesabu kwamba hautapandisha maji ya mafuriko. Tena anayekukagulia ni mamlaka ya mji wako. Ramani ni ghali, nakubali. Tundu kwenye ukuta linagharimu shilingi ngapi? Kipande cha bomba la inchi 3. Ninazo dukani.

Hata mababu wa hapa hapa walijua. Nenda Mji Mkongwe uangalie zile nyumba za mawe, baraza zake zilivyonyanyuliwa, unapanda ngazi ndipo unafika mlangoni. Mvua ikinyesha maji yanapita zake barabarani, wenye nyumba wamekaa barazani wanayaangalia. Sisi tumekuja na vigae vya kung'aa vilivyolingana na barabara, gari liingie vizuri.

Najua pia wa "ulinunua bwawani mwenyewe, unalalamika nini". Ndiyo, nilinunua bwawani, na bibi aliniambia. Ila niliuziwa na vigingi vya mpimaji, nikalipia ada zote nilizotajiwa, nikajenga juu kuliko nilivyolazimishwa, na nyumba ikashinda mvua kubwa ya miaka hii. Kilichonitosa ni mtu aliyejenga baada yangu, kwa kibali kilekile, kinachohesabu vyumba na kunyamazia levo. Ndugu zetu wa bonde la Jangwani, Dar, walipozolewa na mafuriko Desemba 2011 wakapelekwa Mabwepande, hiyo hapo ukishika barabara ya kuja Bagamoyo. Sisi wa huku tukizolewa tutapelekwa wapi? Msata?

Ninachotaka kutoka kwenu sio pole. Kuna mtu humu aliyewahi kumdai jirani kwa sababu ya kifusi na maji, akafika mahali? Baraza la ardhi wanasikiliza kesi ya namna hii, au nitaambiwa mpaka haujavukwa? Na mpimaji wa kuchukua levo za viwanja kama kumi, akatuandikia karatasi yenye muhuri, anachukua shilingi ngapi kwa sasa? Watu sita wa mtaa wameshakubali kuchanga.

Fundi wa jirani karudi tangu juzi. Anajenga palepale, msingi uleule, na tofali zilizonusurika anazigonga plasta anazirudisha. Nilimpelekea vipande vinane vya bomba bure, nikamwambia avilaze kwenye kozi ya kwanza. Akaviweka pembeni, akaniambia bosi hajamwagiza.

NYONGEZA: Mnaouliza kama kalipa jiko. Katuma bati nne. Geji 32, zile nyembamba.