Ipi ina teke dogo kwa kuwinda na shabaha: .243, 6.5 Creedmoor au 7mm-08?

Bega_Bichi:
Wakuu salaam. Naombeni mawazo yenu. Mi nina .30-06 niliyoachiwa na mjomba, bunduki haina shida, shida ni mimi. Nikikaa kwenye benchi kulenga shabaha risasi nne tano za mwanzo zinakaa pamoja vizuri tu, kuanzia ya sita nafumba jicho kabla hata sijavuta traiga na karatasi inakuwa kama mtu kamwaga maharage. Jioni bega limevimba. Sasa nataka bunduki moja ifanye kazi zote mbili, kuwinda kuanzia swala mpaka nguruwe pori, umbali mara nyingi hauzidi mita 200, na wikiendi nipige hata risasi 40 bila kurudi nyumbani naugulia. Mke wangu naye anataka kujifunza, kwa hiyo teke liwe dogo kweli sio dogo la kwenye matangazo. Zimebaki aina tatu za risasi kichwani: .243 Winchester, 6.5 Creedmoor na 7mm-08 Remington. Aliyezitumia anisaidie.

Ngiri_wa_Jioni:
Mkuu chukua .243 ulale usingizi. Ipo tangu 1955, ni ganda la risasi ya .308 limebanwa shingo likabeba kichwa (ile sehemu inayoruka) cha milimita 6, na mpaka leo sijaona swala aliyelalamika. Kichwa cha greini 100 (kama gramu 6.5) kinatoka mtutuni karibu mita 900 kwa sekunde, ukimpiga kwenye mapafu haendi mbali. Uingereza sheria yao inataka kaliba, yaani kipenyo cha risasi, isipungue inchi .240 kwa kulungu wakubwa, ndo maana .243 imejaa kule. Binti yangu kajifunzia hiyohiyo, siku ya kwanza kapiga risasi kumi kisha akauliza mbona zimeisha.

Dada_Shabaha:
Ngiri kwa kuwinda sikupingi, ila kasema atapiga shabaha risasi 40 kila wikiendi, hapo .243 inakula mtutu. Ina baruti nyingi inayopita kwenye tundu dogo, koo la mtutu, pale kichwa kinapoanza kuingia, linaungua mapema, wengi wanaanza kuona risasi zinatawanyika kuanzia kama 1500 hadi 2500 hivi. Creedmoor inavumilia zaidi kidogo, .308 ndo inakaa hata 5000. Halafu kuna upepo. Kichwa cha 6.5 cha greini 140 ni kirefu chembamba, kinakata hewa vizuri, na bunduki zake karibu zote mifereji ya ndani ya mtutu inazungusha kichwa mzunguko mmoja kila inchi 8, inashika vichwa virefu. Bunduki nyingi za .243, hasa za zamani, ni moja kwa inchi 10, ukiweka kichwa kirefu kinayumba hewani unapata tundu la pembeni kwenye karatasi kama tundu la ufunguo. Nimeliona kwa macho yangu, nilikuwa nalaumu darubini wiki nzima kumbe ni mtutu hauzungushi vya kutosha.

Kwa mita 200 hutaona tofauti yoyote. Ukifika 500, 600 utaiona na utaikasirikia.

Ngiri_wa_Jioni:
Haya wameshafika watu wa Creedmoor 😂 2007 imetoka, leo mtu hawezi kuuliza swali la bunduki bila kuambiwa Creedmoor. Mnyama hajui kichwa kinakata hewa vipi dada yangu.

Dada_Shabaha:
Mnyama hajui, mpigaji ndo anajua. Soma tena swali, kazi mbili.

fundi_maganda:
Naweka namba maana mtabishana mpaka kesho. Hizi ni za makadirio kwa bunduki ya kilo 3.6 ikiwa na darubini, risasi za kawaida za kuwindia, nguvu ya teke kwa jouli: .223 Remington kama 4, .243 kama 12, 6.5 Creedmoor kama 16, 7mm-08 17 au 18, .308 kama 20 ukitumia kichwa chepesi, na .30-06 ya greini 180 inafika 27. Yaani Bega ukihamia yoyote kati ya hizo tatu umepunguza teke kwa theluthi moja au zaidi. .223 ni raha sana kwenye shabaha lakini kwa nguruwe pori mimi siishauri, na kuna nchi hairuhusiwi kabisa kwa wanyama wakubwa, angalia kibali chako kinasemaje kabla hujanunua chochote.

Mzee_Mtutu:
Wanangu mmekimbilia risasi, hakuna aliyemuuliza bunduki yake ina uzito gani. Bega, hiyo ya mjomba ina kilo ngapi? Na kitako kina mpira au chuma?

Bega_Bichi:
Shikamoo mzee. Nimeipima sasa hivi kwenye mizani ya bafuni, nimepanda nayo nikatoa uzito wangu, kama kilo 3.1 na darubini. Kitako kina kibao cha plastiki kigumu, sio mpira.

Mzee_Mtutu:
Marahaba. Basi hapo jibu limeshaanza kuonekana. fundi hebu tupigie hesabu.

fundi_maganda:
Teke linapanda kadiri bunduki inavyopungua uzito, ukigawa uzito kwa mbili teke linazidishwa kwa mbili, ni hesabu ya moja kwa moja. Hiyo .30-06 kwa kilo 3.1 ni kama jouli 31, na inapita kwenye plastiki ngumu, bega lazima liive mzee. Ila sikiliza na hii: Creedmoor kwenye zile bunduki nyepesi za kupandia milima, za kilo 2.7, ni jouli 21. Hiyo ni sawa na .308 ya kilo 3.6, hata imeizidi. Watu wananunua risasi laini wanaiweka kwenye bunduki kama fimbo ya kutembelea halafu wanashangaa inapiga.

Kongoni_Pole:
7mm-08 imesahaulika hapa au vipi? Ganda lilelile la .308, Remington waliitoa 1980, kichwa cha greini 140 mita 870 kwa sekunde hivi. Kwa nguruwe pori mkubwa aliyekaa kimshazari hicho kichwa kipana kidogo kinanipa amani kuliko .243. Teke lake na la Creedmoor ukifumba macho hulitofautishi. Ubaya wake risasi za kulengea shabaha ni chache, nyingi zimetengenezwa za kuwindia, kwa hiyo kama hupakii maganda yako mwenyewe nyumbani utachoka kuzitafuta.

Mtoto_wa_Karamoja:
Mnajua Bell, yule mwindaji wa zamani, aliua tembo mamia kwa 7x57, risasi ya milimita 7? Kaliba ndogo inatosha ukijua kulenga.

Mzee_Mtutu:
Bell alikuwa analenga ubongo kwa risasi ngumu zisizopasuka, na alikuwa amemchunguza tembo kichwa chote mpaka mifupa. Tusimtumie kama ruhusa ya kila mtu kubeba bunduki ndogo. Ila 7x57 yenyewe nakubali, ya 1892 na bado inadunda. Na mkisema 6.5 kana kwamba imezaliwa juzi mnanichekesha, Waswidi na Wanorwe walishaichukua 6.5x55 kwenye miaka ya 1890, mpaka leo wanawindia moose, kulungu wao mkubwa wa theluji, na teke ni lilelile la upole. Creedmoor ni mjukuu tu, kavaa suti, ganda fupi linaloingia kwenye bunduki fupi.

Bega turudi kwako. Kabla hujatumia hela fanya jaribio moja. Mwambie mtu unayemwamini akupakie chembani, mara risasi ya kweli mara ya bandia, wewe usione. Mtutu muda wote uelekee shabaha, miwani na vizibo vya masikio kama kawaida. Ikija ya bandia utasikia "tik" tu, angalia mtutu umefanya nini wakati huo.

Dada_Shabaha:
Hilo jaribio linaumiza roho 😅 mimi lilinionyesha nilikuwa nasukuma bega mbele nikidhani nimetulia kama jiwe. Nyongeza, usidanganywe na breki ya mdomo wa mtutu. Inapunguza teke sana kweli lakini kelele yake inarudi usoni kwako na kwa jirani wa benchi, na mtu anayeanza mara nyingi anaogopa mlio kuliko teke. Vaa vizibo ndani na vile vya kufunika juu yake, vyote viwili, utashangaa bunduki imekuwa laini bila kubadilisha kitu.

Bega_Bichi:
Wakuu nimerudi. Rafiki yangu kanipakia mara kumi, nne zikawa za bandia. Zote nne mtutu umezama chini kama mtu anachimba viazi. Moja nimefumba macho yote mawili, kacheka mpaka kakaa chini. Naona aibu ila nashukuru.

Halafu klabuni jamaa mmoja katuazima Creedmoor yake ya shabaha, kilo 4.1, kitako kina mpira laini. Mke wangu kakaa nayo, jaribio lilelile, ya bandia ikaja mtutu haujatikisika hata kidogo. Mita 100 risasi tano zimeingia kwenye duara la kifuniko cha chupa ya maji, mimi mita hiyohiyo kiganja cha mkono hakijatosha kufunika. Sasa ananiuliza kwa nini tununue moja.

fundi_maganda:
4.1 ni kama jouli 14, umeshakaribia .243 huku una kichwa cha greini 140. Hapo umepata, ingawa kutembea porini kutwa na kilo 4.1 utaijua. Tafuta ya katikati, 3.5 mpaka 3.8 na darubini.

Ngiri_wa_Jioni:
Sawa nimeshindwa kwenye shabaha. Kwenye nyama sijashindwa. Na hiyo .30-06 usiiuze, weka mpira wa kitako, nunua zile risasi zilizopunguzwa nguvu, itakufaa siku ya mnyama mkubwa.

Bega_Bichi:
Haiuzwi hiyo, mjomba atanitokea usiku. Nimeamua Creedmoor, kilo 3.6. Sasa tunagombania darubini, mimi nataka ya kukuza mara 9, yeye anataka 16.

Mzee_Mtutu:
Darubini baadaye. Pima kwanza kutoka kwenye traiga hadi mwisho wa kitako. Nyingi zinatoka na sentimita 34 hivi, za mwanamume wa kawaida. Mkeo akilazimika kunyoosha shingo kuifikia darubini, ile pete ya darubini itampiga juu ya jicho hata kwa Creedmoor, na hapo kazi yote uliyofanya wiki hii imekwisha. Nunua yenye vipande vya kuongeza na kupunguza kitako, umuwekee 32, wewe urudishe yako. Kisha mgombanie darubini.