Kundi: Ukoo wa Bi Mwanakombo, Ngamiani

Shangazi Rehema 20:41
Asalaam aleikum. Imrani anakuja Ijumaa ijayo. Tusirudie ya Idi, mtoto kakohoa mpaka alfajiri. Jumamosi hii chumba cha nyuma kishughulikiwe. Nani yupo?

Shangazi Rehema 20:55
Wamesoma 14, kimya 😒

Mama Imrani 20:58
Shikamoo shangazi. Mchana hana neno. Akishapanda kitandani tu, chafya. Saa nane usiku pua imeziba kabisa.

Da Saumu 21:03
Ni godoro na ule mto wa sufi. Umejaa utitiri.

Juma 21:04
Bibi anafuga kuku kitandani? 😂😂

Da Saumu 21:07
Wa kuku ni mwingine. Huu hauonekani kwa macho, hauumi, unakula magamba ya ngozi. Kinachomchokonoa mtoto ni kinyesi chake, na unyevu wa Tanga unaustawisha. Akilala chali pua inavimba zaidi, makamasi yanashukia kooni, ndicho kikohozi hicho.

Shangazi Rehema 21:08
Haya, tufanyeje?

Da Saumu 21:15
Mashuka na foronya: maji ya nyuzi 60 kwenda juu, kila wiki. Bila kipimo, tia sufuria mbili za maji yanayochemka kwa moja ya bomba, loweka nusu saa, funika beseni. Watoto wakae mbali. Khanga mpya msichanganye humo, zitachuja.
Chandarua chenye dawa MSITIE maji ya moto wala msianike juani, dawa inaharibika. Maji ya baridi, sabuni ya mche, kivulini.

Juma 21:16
Na yule dubu wake wa manyoya?

Da Saumu 21:17
Mfuko wa nailoni, friza saa 24, halafu mfue. Baridi inaua tu, haitoi uchafu.

Juma 21:17
Friza ya Bibi? Dubu alale na nguru na barafu za ukwaju 😂

Mariamu 21:18
😂😂😂 barafu zenye manyoya

Shangazi Rehema 21:19
Juma acha. Godoro je? Tulianike?

Da Saumu 21:22
Kuanika peke yake hakutoshi, kinyesi kinabaki ndani. Likung'utwe nje, Imrani asiwepo, kisha livishwe foronya ya zipu iliyofumwa kwa kubana. Pimeni kwanza, nadhani ni 4 kwa 6 inchi 6. Mto wa sufi utoke.

Ba'mdogo Hamisi 21:30
Godoro jipya lilikuwepo. Muulizeni aliyelipeleka Korogwe.

Shangazi Rehema 21:31
Hamisi, leo si siku yake.

Ba'mdogo Hamisi 21:33
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Imrani 21:36
Da Saumu, piritoni nimpe usiku?

Da Saumu 21:44
Inamlaza na kupunguza chafya, ila pua iliyoziba haizibui, na baada ya muda wa saa 4 hadi 6 nguvu yake imeisha. Ndiyo maana anaamka. Setirizini, dawa ya mzio, ya maji (5 mg kwa mililita 5), miaka 6 hadi 11: mililita 5 asubuhi, 5 jioni. Usichanganye na piritoni.
Ile ya kupuliza puani aliyoandikiwa aanze LEO, si akifika. Ni ya kila siku, na huchukua siku kadhaa kushika. Apenge, ainamishe kichwa kidogo, tundu la kushoto kwa mkono wa kulia, ncha ielekee upande wa sikio, si ukuta wa katikati, utatoka damu. Avute pole pole. Akivuta kwa nguvu anaimeza.
Kifua kikilia kama filimbi, mbavu zikiingia ndani au akishindwa kumaliza sentensi, hospitali usiku huohuo.

Shangazi Rehema 21:46
Na udi? Na dawa ya mbu ya kuchoma?

Da Saumu 21:47
Moshi wote ni adui. Lakini hilo mwambieni Bibi nyinyi.

Mariamu 21:58
Nimemsomea Bibi. Anasema niandike hivihivi: "Udi sifukizi mpaka mtoto aondoke. Mto wa sufi nimeushona kwa mkono wangu, utoeni. Kitanda cha marehemu hakitoki chumba kile. Na ya Korogwe nisiyasikie tena kwenye simu hii."

Juma 22:21
👍

Shangazi Rehema 22:24
Sawa mama. Jumamosi saa tatu asubuhi, Juma na Hamisi watoe godoro. Foronya ya zipu, elfu tano kila nyumba, mnitumie mimi.

Juma 22:26
Nina mechi asubuhi. Saa kumi je?

Da Saumu 22:27
Saa kumi jua limeshapoa.

Mama Imrani 22:40
Nimetuma elfu tano 🙏

Shangazi Rehema 22:41
Mmoja. Hamisi?

Binamu Shabani 23:52
Waaleikum salaam. Jumamosi ipi?