Kushuka kijia cha msituni Amani kwa pikipiki: mnafanyaje?

Mtoto wa Muheza:
Habari zenu wakuu. Nina Honda XL 125, tairi zenye meno. Jumamosi nilipanda kutoka Muheza hadi Amani, nikashika kijia cha wakulima wa iliki upande wa Kwamkoro. Kupanda sikupata tabu. Kushuka ndiko kulikonishinda. Kijia hatua moja tu kwa upana, kushoto korongo, udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imetoka kukatika. Kila nikigusa breki ya mbele, tairi inaserereka. Nimeanguka mara tatu. Mara ya mwisho nilidondokea mizizi, mkono wa klachi ukavunjika. Mnashukaje nyinyi?

Fundi wa Ngamiani:
Pole. Upepo wa tairi ulijaza ngapi? PSI 30 ni ya lami. Shusha hadi 18 hivi, ukirudi barabarani ujaze tena. Na tembea na mkono wa akiba.

Mbeba Iliki:
Pole sana mdogo wangu. Mimi nashusha iliki na pilipili manga Muheza kila wiki, mzigo nyuma. Nakuuliza: ulishuka umeshika klachi? Kama ndiyo, tatizo ni hapo. Ukiishika, pikipiki inakimbia kwa uzito wake, wewe unabaki na breki tu. Ingiza gia namba moja ungali juu, achia klachi yote, injini ndiyo ikuzuie. Breki ya nyuma gusa na kuachia. Ya mbele kidole kimoja, tena pale penye mawe au pakavu. Simama juu ya vikanyagio, kiuno kirudi nyuma. Mzizi uvuke kwa kuukabili, usiupitie mshazari, na ukiwa juu yake usiguse breki yoyote. Macho yawe mbele, maana ukilitazama korongo unalifuata.

Jingine linaniuma. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kwa hiyo ulizia kwanza geti la Sigi njia gani inaruhusiwa. Vile vijia vya mashambani navyo, waombe wenyewe. Tairi ikichimba mfereji wakati wa masika, mvua ya usiku mmoja inaondoka na njia, na asubuhi kuna mama anapita hapo na mzigo kichwani.

Mtoto wa Muheza:
Kweli kaka, klachi nilikuwa nimeibana tangu juu. Kijijini nitapita kuomba. Je, tairi ya nyuma ikijifunga katikati ya kona?

Mbeba Iliki:
Achia breki hapo hapo, iachie izunguke. Anzia mteremko mfupi, pakiwa pakavu.